Nilipompeleka Mama Dagoni

Ndugu msomaji, ukisimama ufukoni Kunduchi wakati wa alasiri na kuelekeza macho mashariki, utakiona kisiwa cha Mbudya mbele yako, kijani juu na cheupe chini, karibu kiasi cha kukudanganya kwamba mwogeleaji hodari angekifikia. Kusini yake kipo Bongoyo, na baina ya viwili hivyo kipo kidogo cha Pangavini. Kaskazini liko Fungu Yasini, ambalo jina lake lenyewe lakwambia kwamba ni mchanga. Vyote vinne vilitengwa kisheria mwaka 1975. Sisi watu wa upande wa Temeke tunavyo Sinda, Kendwa na Makatumbe, vilivyoongezwa katika orodha hiyo mwaka 2007. Na ingawa siku hizi Kigamboni ni wilaya inayojitegemea, bado twaviita vyetu.

Hata hivyo, ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kuvikanyaga? Tunazaliwa, tunakua, tunaoa na kuolewa, tunazeeka, na visiwa hivyo vinabaki kuwa pambo la upeo wa macho. Mtu akikwambia kwamba anakwenda kulala kisiwani siku mbili, akiwa na hema na sufuria, utamdhania ama amefukuzwa nyumbani, ama ameajiriwa na wageni. Kaka yangu, ambaye ni mtu mwenye busara katika mambo mengine yote, aliposikia nia yangu aliuliza, "Mtu na nyumba yake, na kitanda chake, akalale mchangani kwa hiari?" Akaongeza kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, ambao wamechoka na raha.

Sikubaliani naye, na sababu yangu ni neno moja: dago. Kabla hema la kwanza la mtalii halijasimikwa katika pwani hii, wavuvi wetu walikuwa wakilala visiwani. Dago ni kambi ya mvuvi. Hujengwa kwa makuti na miti michache mahali palipo karibu na samaki, na mvuvi hukaa hapo siku kadhaa, wakati mwingine miezi, akivua, akipasua, akitia chumvi na kuanika ng'onda, hata msimu upite. Ukienda Mafia, ukienda Songo Songo, utawakuta wavuvi wa dago waliotoka mbali. Ukienda Ziwa Victoria utaona jambo hilo hilo kwa wavuvi wa dagaa katika visiwa vya Ukerewe. Huko ziwani, hata Rubondo, ambayo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1977 na ambako sokwe walipelekwa na kuachiwa msituni katika miaka ya 1960, ilikuwa na wakazi wavuvi kabla ya kuwa mahali pa mahema. Kwa hiyo tusiseme kwamba kulala kisiwani ni jambo la kuletewa.

Sasa niseme kilichonipeleka mimi, maana sikwenda kwa ajili ya historia. Mama yangu ameniruhusu kuandika haya kwa sharti la kutotaja jina lake wala la marehemu baba.

Mama aliolewa Kunduchi mwaka 1967, akiwa binti wa miaka kumi na minane. Baba alikuwa mvuvi wa jarife, mwenye ubia katika mashua moja na ndugu zake wawili. Kila mwezi alikwenda dago Mbudya, siku sita, siku nane, wakati mwingine kumi. Wanawake hawakwenda dagoni. Hiyo ilikuwa desturi, na hakuna aliyeihoji. Mama alibaki ufukoni na watoto, akikitazama kisiwa ambacho mumewe yumo, kisiwa ambacho, kama nilivyosema, kiko karibu kiasi hicho. Na hapo ndipo penye mwiba. Majirani wakamwambia, kama majirani wasemavyo: Mbudya hii hapa, mwanamume gani atalala huko siku kumi na nyumba yake aiona kwa macho? Huyo ana nyumba nyingine Bagamoyo. Dago ni jina tu.

Mama hakumwuliza baba hata siku moja. Baba aliacha bahari mwishoni mwa miaka ya 1970, akapata kazi ya nchi kavu, tukahamia Temeke, na mwaka 1991 akafariki. Lile swali halikufariki naye. Nililisikia kwa mara ya kwanza miaka michache tu iliyopita, tulipokuwa tukichambua mchele, mama aliposema bila ya kuinua uso, "Ningependa nipaone hapo alipokuwa akilala. Kama palilalika." Alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Nami nikamwahidi.

Ndugu msomaji, ahadi ya namna hiyo ni nyepesi kutoa jikoni, lakini kuitimiza kwataka hesabu. Kisiwa cha Mbudya hakina maji matamu hata tone. Mchana wapo watu wanaokaanga samaki na viazi kwa ajili ya wageni wa siku, na vibanda vya makuti vipo. Jioni wote hao huondoka, na atakayebaki atategemea alichokibeba. Tulikuwa sita: mama, mimi, baba watoto, binti yetu wa miaka kumi na sita, mdogo wake wa miaka kumi na miwili, na mzee mmoja nahodha mstaafu, mwenyeji wa Pangani aliyehamia Kunduchi mwaka 1983, ambaye wanawe ndio wenye boti. Nilipiga hesabu ya lita tano kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, kwa siku mbili. Hizo ni lita sitini. Kisha nikaongeza dumu la nne la lita ishirini ambalo niliamuru lisiguswe, na baba watoto akanicheka kwa sababu yalikuwa mazito kuyapakia.

Siku nayo huchaguliwa. Tulichagua Desemba ya 2024, shule zikiwa zimefungwa, mwezi ukiwa na siku kumi hivi. Wapwani wanaelewa kwa nini. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari huwa katika bamvua; maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na hema ulilosimika jioni mahali pakavu laweza kuamka na wewe ndani likiwa kisimani. Siku za kati ni za maji mafu, na ufuko hauhamihami. Isitoshe, mwezi wa siku kumi huwaangazia watoto hadi baada ya usiku wa manane, halafu huzama na kuwaachia nyota. Kusi kikivuma kwa nguvu, yaani Juni, Julai, Agosti, singempeleka mzee wala mtoto.

Mambo mengine yalikwenda upesi. Tuliomba ruhusa ya kulala mapema na tukalipa ada ya hifadhi, kwani eneo lile ni tengefu na si la kila mtu kujiamulia. Kila mmoja alivaa jaketi la kuelea, mama naye akiwamo, juu ya khanga zake mbili, na hakuondolewa hata picha ilipopigwa. Vyandarua tulivikumbuka. Kaka yangu, aliyekuwa amekataa kata kata, alifika ufukoni alfajiri na kiti cha plastiki kichwani, akasema kama mama lazima aende basi hatakaa chini.

Ufuko mzuri wa Mbudya uko upande wa magharibi, unaotazama bara, na ndiko boti hutia nanga. Upande wa mashariki ni majabali ya matumbawe yaliyochongwa na mawimbi, makali kama wembe. Katikati kuna vichaka, na mibuyu imesimama humo kwa heshima zake. Mama alishuka kwa kushikwa mikono miwili, akasimama ndani ya maji ya magoti, akatazama huku na huku, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Kudogo."

Niliogopa. Nilidhani kwamba kile kisiwa alichokitazama kwa miaka kumi na miwili kilikuwa kikubwa zaidi moyoni mwake, na kwamba nimemharibia. Lakini alikwenda kukaa kwenye kiti chake chini ya mvinje, akavua viatu, akafukia miguu mchangani, na hakusema tena mpaka adhuhuri.

Tulipotaka kupika, mwanangu alichukua panga akaelekea kwenye miti. Mzee nahodha alimwita kwa sauti ambayo sikuitegemea kwa mtu mpole vile. "Hapa hapakatwi hata fito, mjukuu wangu. Kuni zimo botini." Na kweli, alikuwa amepakia tita zima kutoka bara, na nilikuwa nimeshangaa kuliona. Kisha akamkalisha mtoto akamweleza habari ya Maziwe, nasi sote tukawa tunasikiliza.

Maziwe ni kisiwa mbele ya Pangani, kwao na mzee yule. Kilikuwa na mivinje, na kasa walipanda humo kutaga kwa wingi kiasi kwamba mwaka 1975, katika kundi moja na visiwa vyetu vya Dar es Salaam, nacho kilitengwa kiwe hifadhi. Lakini miti ilikatwa. Mizizi iliyokuwa ikiushika mchanga ikafa, bahari ikaanza kula kingo, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa na kisiwa tena. Ukienda leo utalikuta fungu jeupe la mchanga maji yakipwa. Maji yakijaa sana, hulioni. Wataalamu wanajadiliana ni kiasi gani lawama ni ya shoka na kiasi gani ni ya bahari yenyewe. Mzee alisema yeye si mtaalamu, ila kwamba katika ujana wake aliwahi kulala Maziwe chini ya kivuli, na sasa hana pa kumwonyesha mwanawe. Kasa wangali wanarudi, kwa kuwa kasa hupakumbuka alipozaliwa. Hutaga katika mchanga utakaofunikwa na maji, na watu wenye huruma huyafukua mayai na kuyahamishia pwani ya Ushongo ili yaanguliwe.

Mwanangu alilirudisha panga mwenyewe. Nakiri kwamba hadithi ile ilinifaa zaidi mimi, kwa sababu nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba hifadhi ni amri ya ofisini. Mbudya yenyewe iliteseka. Kwa miaka mingi sheria ya 1975 ilikuwa ya karatasi. Baruti zililipuliwa katika miamba yake mchana kweupe, na matumbawe yaliyokua kwa karne nyingi yakawa kifusi. Mwaka 1994 ndipo Bunge lilipotunga sheria mahsusi ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu, na hata baada ya hapo kazi haikuwa rahisi. Binti yangu alizamisha uso majini kwa miwani ya kuogelea akarudi akisema kwamba chini kuna makaburi na kuna bustani, bega kwa bega.

Usiku ulipoingia na vibanda kufungwa, kisiwa kilibadilika. Kuna kaa katika visiwa hivi ambaye hupanda miti, mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu duniani, mwenye gando la kuvunjia nazi. Huyo hutoka gizani kutafuta chakula, na alitujia. Tulisikia kifuniko cha sufuria kikiburutwa. Watoto wakapiga kelele. Tochi ikamwangaza, rangi ya samawati iliyoiva, akitutazama kana kwamba sisi ndio wezi. Mama alicheka mpaka akakohoa. "Huyu alinisimulia," alisema. "Alisema kuna kaa anaiba kifuniko cha chungu. Nikamwambia, wewe mwongo."

Hilo lilikuwa neno la kwanza kuhusu baba tangu tulipofika. Baada yake alikaa kimya, kisha akamgeukia mzee nahodha, ambaye alikuwa akichochea moto.

"Nahodha, nikuulize. Mtu akivua hapa usiku kucha, hawezi kurudi Kunduchi alfajiri akalala kwake?"

Mzee alilipokea swali kama fundi anavyolipokea. "Kwa mashine, bi mkubwa, aweza. Kwa tanga, ni taabu. Alfajiri huvuma umande, upepo utokao bara. Huo wakutoa Kunduchi, haukurudishi. Utapiga bisho, kwenda na kurudi, mpaka jua likuchome, na usiku utatakiwa kazini. Bora ulale hapa, na ukitaka kurudi ungoje upepo wa baharini wa alasiri."

"Alikuwa akirudi alasiri," alisema mama.

"Basi."

"Lakini siku kumi?"

"Jarife ni kazi ya giza, bi mkubwa. Mwezi ukiwaka samaki auona wavu. Mvuvi akae siku zote za giza, halafu arudi."

Mama aliinua uso akautazama mwezi, ambao ulikuwa juu yetu, mweupe, ukimwaga nuru juu ya mchanga wote. Nilijua anachofikiri kabla hajasema.

"Na siku za mwezi, nahodha? Maana na siku za mwezi alikuwa akija."

Mzee alichochea moto. Alichochea kwa muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji. Baba watoto alikumbuka ghafla kwamba kamba ya hema imelegea, akaondoka. Hatimaye mzee alisema, "Kuna kushona nyavu. Kuna kupaka chombo sifa."

"Ndivyo alivyokuwa akisema," alijibu mama. "Anashona nyavu." Na akacheka tena, cheko fupi ambalo sikuwahi kulisikia kwake, la msichana.

Ndugu msomaji, mwaweza kutaka nikuambieni kwamba jibu lilipatikana. Halikupatikana. Mzee yule hakumjua baba, na wale waliolala naye dagoni wote wako chini ya mchanga wa Kunduchi. Lakini usiku ule lilitokea jambo jingine, ambalo naliandika kama lilivyokuwa.

Mwezi ulipozama, kiasi cha saa nane na nusu, niliamka nikakuta mkeka wa mama mtupu. Moyo uliniruka. Nilimkuta kwenye kile kiti cha plastiki, karibu na maji, amejitanda khanga, anatazama bara. Kutoka Mbudya usiku unauona mji wote: taa za Mbezi, taa za Kunduchi, kusini mwanga mkubwa wa Msasani na katikati ya jiji umetanda angani kama moto wa mbali. Nilikaa mchangani kando yake.

"Kwetu ni pale," alinionyesha. "Kulia ya ule mnara wenye taa nyekundu. Wakati ule hapakuwa na umeme. Nilikuwa na kandili, naliweka nje mlangoni kwa sababu ya choo, kwa ajili yenu." Akanyamaza. "Mimi huku nikitazama sikuona kitu ila weusi. Hata siku moja sikuona moto wa dago. Wanawasha nyuma ya miti. Kumbe yeye alikuwa akiliona kandili."

"Labda," nilisema.

"Mara moja aliniuliza kwa nini nilizima taa mapema Alhamisi. Nikamwambia mafuta yaliisha." Aligeuka akanitazama, na gizani sikuweza kuona uso wake vizuri. "Sikumwuliza amejuaje."

Sikuwa na la kumjibu. Tulikaa mpaka tukaanza kuusikia umande ukitoka bara, baridi kidogo, ukileta harufu ya moshi na ya mikoko, nao kweli ulitupiga usoni kama mzee alivyoeleza. Mama aliuinulia kiganja kuupima.

Asubuhi ya siku ya kuondoka, boti lilitarajiwa saa nne. Wingu jeusi la mvua ya vuli iliyochelewa lilikuja na upepo, bahari ikachafuka, na wanawe mzee, kwa akili njema, hawakung'oa nanga hadi hali ilipotulia saa nane mchana. Dumu langu la nne lilifunguliwa. Baba watoto alikunywa vikombe viwili na hakusema neno.

Wakati wa kupakia, mama alisimamia kila kitu kutoka kitini: majivu yafukiwe mbali na mizizi, maganda ya viazi yarudi bara, kamba zihesabiwe. Mwanangu aliokota kipande cha mvinje mkavu kilichoanguka chenyewe akataka kwenda nacho nyumbani. Mama akamwuliza mzee kama inaruhusiwa, mzee akatikisa kichwa, kipande kikarudi pale kilipokuwa.

Kaka yetu alikuwa akitungoja ufukoni Kunduchi, na wasiwasi wa saa nne nzima ulikuwa umemkalia usoni. Alimpokea mama kwa mikono miwili na kumwuliza kama amelala. Mama alimjibu kwamba palilalika. Kisha akataka kujua kama Sinda nako kulikuwa na dago.